Umri Niliompa Mama Valeria

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE. Kuanzia leo, mwezi Januari mwaka 1984, kumbukumbu za wagonjwa wa Zahanati ya Kilewoni zinahama kutoka kwenye makasha ya sabuni na kuingia katika mtambo wa kisasa kabisa, uitwao kompyuta, uliopo mjini Moshi. Hakuna kadi itakayopotea tena, hakuna mgonjwa atakayesahauliwa, na hakuna panya atakayepata chakula. Wazee, vijana na akina mama, mnaombwa kutoa ushirikiano.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe na kulisoma mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya benchi mbele ya zahanati, mkono mmoja mgongoni kama mkuu wa wilaya. Nilipofika kwenye panya, mguu wa benchi ulivunjika. Ushirikiano niliuomba nikiwa nimekaa kwenye matope. Watu walipiga makofi kwa heshima, wakidhani ndivyo ratiba ilivyopangwa.

Naitwa Kalisti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, kwa sababu nayo isingependa kunitaja. Shule ile ilinifundisha kusali kwa sauti nene, kula haraka, na kupiga taipu. Taipu haikuwa somo, ilikuwa adhabu. Chura mmoja alikutwa kwenye droo ya mwalimu wa zamu, na kwa muhula mzima nikawa napiga taipu mihtasari ya kamati ya shamba. Hivyo, nilipokuwa nasubiri matokeo ya mtihani, nilikuwa mtu wa pekee Kilewoni aliyeweza kuandika kwa vidole kumi.

Kwetu ni Tarakea, mpakani, lakini nilikuwa nakaa na mama mdogo Digna, muuguzi mkuu wa zahanati. Muuguzi mkuu maana yake alikuwa muuguzi peke yake. Yeye naye alikuwa mgeni Kilewoni, amehamishiwa pale miaka michache tu. Ndiye aliyenipeleka kwa Daktari Sadallah.

Daktari Sadallah alikuwa kijana wa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Njoro, mtoto wa fundi cherehani. Alisoma Ulaya, akarudi na kompyuta ndani ya sanduku la mbao, pamoja na kibali chenye mihuri mingi kuliko maandishi. Aliiweka katika chumba kimoja pale Njoro, ikapewa feni yake. Daktari mwenyewe hakuwa na feni. Alijipepea kwa faili na kuitazama mashine kwa upole, kama mtu aliyeoa karibuni.

"Zahanati tatu za mlimani, Kalisti," aliniambia. "Zote humu ndani. Ukiifanya kazi hii vizuri, nitakuandikia barua uende Dar es Salaam kusomea mitambo hii. Nchi nzima haina vijana kumi wanaoijua."

Kuanzia siku hiyo nilitembea kama mtu ambaye nchi nzima inamtegemea.

Shida ilikuwa moja. Kwenye kadi za zamani, mahali pa umri, mama mdogo aliandika "mtoto", "kijana", "mtu mzima" au "mzee", na hakuna aliyewahi kulalamika. Kompyuta ililalamika. Ilitaka siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na usipoipa ilitoa mlio mwembamba na kugoma, kama mbuzi aliyefikishwa darajani. Basi nikatumwa kupita kihamba kwa kihamba, nikikata katikati ya migomba na kahawa ya watu, kuwauliza wazee tarehe zao.

Mzee mmoja aliniambia alizaliwa mwaka ambao baba yake aliuza ng'ombe mwekundu.

"Na huyo ng'ombe aliuzwa lini, meku?" nikamuuliza.

"Nilipozaliwa mimi," akanijibu, akaniangalia kama mtu anayejiuliza shule zinafundisha nini.

Nikaamua kulisaidia taifa. Walionikaribisha kwa kiburu cha ndizi na maharage au kwa parachichi niliwapa tarehe tisa Desemba, wakasherehekee pamoja na Uhuru. Walionifukuza au kunihubiria niliwapa tarehe mosi Aprili, siku ya wajinga. Mzee Nikodemo, katekista, aliyewahi kunitoa kanisani kwa kunishika sikio, alipata mosi Aprili pamoja na mke wake na wajumbe wote wa baraza lake. Miaka niliikadiria kwa haki. Nilitazama meno, nikahesabu wajukuu, nikatoa mwaka. Haki hiyo niliipotosha kwa mtu mmoja tu.

Mama Valeria alikuwa na kilabu cha mbege chini kidogo ya zahanati. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye ngozi laini na kitambaa chekundu kichwani ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimevuliwa. Mbege yake ilisifika hadi Chekereni, na siri yake haikuwa kwenye ulezi wala ndizi. Wengine huonja ili kujua kama mbege imeiva. Yeye aliinama, akabandika sikio ubavuni mwa pipa, akasikiliza jinsi linavyochemka ndani. "Bado linagombana," alikuwa akisema, na wateja walisubiri. Au: "Sasa wamepatana," na kata zikaanza kuzunguka.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia siku hiyo.

"Marahaba, msomi. Hilo begi lina nini?"

"Mashine inataka siku uliyozaliwa."

"Mama yangu alikuwa anazaa, hakuwa anaandika." Alijifuta mikono. "Mwaka wa nzige nilikuwa nakimbia mwenyewe. Nilikuwa nawafukuza kwa sufuria."

Nikapiga hesabu. Nzige walikuja karibu na mwaka 1930, basi yeye ni wa mwaka 1926, au karibu na hapo. Nilikuwa naandika alipoinama karibu yangu.

"Lakini wewe niandike msichana," akanong'ona. "Hawa wazee wangu wa kilabuni wamezidi kuniita bibi."

Nikasimama wima, mkono kifuani. "Kwa mamlaka niliyopewa na Wizara ya Afya, Chama na mama mdogo, natangaza kwamba wewe, Valeria, umezaliwa mwaka 1946."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Na mimi nilicheka. Nilipofika Njoro nikaipa mashine 1946, nayo ikapokea bila kulia.

Tulihama rasmi mwezi Aprili. Utaratibu mpya ulikuwa hivi: kila mwezi kompyuta ilichapa karatasi ya kila mgonjwa mwenye matibabu ya muda mrefu, ikionyesha jina, umri, uzito na kipimo cha dawa. Daktari alizileta mlimani mwenyewe, na mama mdogo alifuata kilichoandikwa. Makasha ya sabuni yaliondolewa, jirani akayachukua kufugia kuku.

Mama Valeria alikuwa akikohoa tangu mwanzo wa Kwaresima. Baada ya Pasaka makohozi yake yalipimwa mjini, ikaonekana ni kifua kikuu. Daktari alikuja na karatasi yake: miaka thelathini na nane, kilo sitini na nane, sindano ya gramu moja kila siku isipokuwa Jumapili.

Mama mdogo aliisoma mara mbili. "Thelathini na nane? Huyu?"

"Nesi Digna," daktari alisema kwa subira, "tukirudi kukadiria watu kwa macho, tumehama kwa ajili ya nini?"

Mama Valeria, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kiti, alikiweka sawa kitambaa chake chekundu. "Kama mashine imesema, nesi, mimi na wewe ni nani?"

Watu waliokuwa mlangoni walicheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote. Mama mdogo akachukua sindano.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Njoro, naingiza majina ya zahanati ya tatu. Alikuja muuguzi kutoka huko kuiona mashine, na daktari akawa anamtembeza kuizunguka, ingawa ilikuwa imeegemea ukuta.

"Chukua hizi sindano za kifua kikuu," alimwambia. "Mtu aliyevuka miaka arobaini na tano hapewi gramu nzima. Ikizidi inaharibu masikio, na mtu anakosa msimamo, anayumba. Wengine masikio hayarudi tena. Zamani muuguzi akichoka, anasahau. Mashine inatazama umri tu, inapunguza yenyewe."

Vidole vyangu vyote kumi vilisimama.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Daktari alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini meza yake ilikuwa na barua iliyoanza kuandikwa, na jina langu juu yake, na nilijua kwamba nikitoa tarehe ya Mama Valeria, tarehe mosi Aprili zote zitatoka zikiifuata, pamoja na Mzee Nikodemo na baraza lake. Nikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa. Daktari alipokwenda msikitini nilifungua kumbukumbu ya Mama Valeria, nikafuta arobaini na sita, nikaandika ishirini na sita. Mashine ikakubali. Nikajiona nimetubu kwa kidole kimoja, na hakuna aliyeumia.

Jumamosi nilipanda mlimani, mvua ya masika ikininyeshea, nikapita kilabuni. Mama Valeria alikuwa ameinama, sikio kwenye pipa. Alikaa hivyo muda mrefu. Akahamia upande wa pili, akabandika sikio jingine.

"Limenyamaza," alisema.

Mimi nilikuwa mlangoni na nilikuwa nalisikia. Lilikuwa linachemka kama mvua juu ya majani ya mgomba.

Aliniona. "Kalisti, wewe unalisikia?"

"Nalisikia, mama."

"Basi ni mimi." Akagonga sikio lake kwa kidole. "Humu kuna mbu wamepanga. Hawalali."

Alipojaribu kusimama aliyumba, akashika ukuta, kisha nguzo, kisha bega langu. Mteja mmoja akasema kutoka kwenye benchi, "Leo mwenye duka ameonja mali yake." Wakacheka. Hakuwa ameonja hata tone. Daktari alimkataza pombe siku ya kwanza, naye alikuwa akiitii amri hiyo kama mtawa.

Nilikimbia zahanati. Mama mdogo alikuwa anachemsha sindano.

"Mama Valeria unamchoma kiasi gani?"

"Gramu moja. Si ndivyo karatasi yenu inavyosema?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya Njoro. Nilikuwa nimesahihisha mashine. Mlimani hakukuwa na mashine. Palikuwa na karatasi iliyochapwa mwezi uliopita, imebandikwa ukutani juu ya meza ya sindano, na Mama Valeria alikuwa na miaka thelathini na nane mpaka daktari alete nyingine.

"Mashine..." nilianza.

"Mashine nini?"

"Mashine ni nzuri," nikasema, na kutoka nje.

Mtu mwenye akili angerudi ndani. Mimi nilimwacha Mama Valeria achomwe gramu ya Jumamosi hiyo, kisha nikarudi kwenye kazi niliyoizoea, yaani hila. Jumatatu asubuhi nilimwahi Mama Valeria njiani nikamwambia asijisumbue na utelezi, dawa imeisha, italetwa mwisho wa wiki. Alishukuru, "aika mwanangu," akageuka nyumbani akijishikilia kwenye migomba, mmoja baada ya mwingine. Nilimtazama na kujipongeza.

Adhuhuri mama mdogo alivaa koti la mvua, akachukua kopo la sindano, akaniambia nimbebee mwavuli. Hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa wa kifua kikuu akose dozi. Tulimkuta Mama Valeria jikoni, amekaa karibu na moto.

"Kwa nini hukuja?"

"Nimeambiwa dawa imeisha."

"Nani amekuambia?"

Mama Valeria aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na mwavuli uliofunguliwa, ndani ya nyumba, kama mjinga aliyezaliwa mosi Aprili.

"Nilisikia vibaya," alisema taratibu. "Siku hizi masikio yangu yana baridi."

"Masikio?" Mama mdogo alishusha kopo. "Tangu lini?"

"Baridi tu, nesi. Choma, nikapike. Mwenzangu wa kule juu aliacha sindano katikati na tukamzika. Mimi siachi."

Mama mdogo alisita na sindano mkononi. Aliwasha tochi, akamtazama masikio, akamwambia asimame na kufumba macho. Mama Valeria alifumba macho na kuanza kuanguka upande wangu. Siku hiyo hakuchomwa. Tukiwa njiani kurudi, mama mdogo alisimama kwenye mfereji. "Hii si baridi," alisema. "Kesho kutwa daktari anakuja. Na mwanawe aitwe, huyu hawezi kukaa peke yake." Nilimshikilia mwavuli vizuri kabisa. Sikuwahi kushikilia mwavuli vizuri hivyo. Hata hapo sikusema.

Jumatano daktari alikuja na bahasha ya karatasi mpya. Nilikuwa nimejipa kazi ya kupanga chupa tupu kwenye kona, mahali ambapo mtu anaweza kusikia bila kuonekana ana sikio. Foleni ya wagonjwa ilijaa barazani kwa sababu ya mvua. Mama Valeria aliingia ameshikwa kiwiko na mwanamume mrefu mwenye buti za kazi na harufu ya sukari iliyoungua. Alikuwa Leonce, mwanawe wa kwanza, fundi mitambo huko chini kwenye mashamba ya miwa. Alikuwa akimshika mama yake kama mtu anayebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni.

"Daktari," alisema, baada ya kuwaamkia wote, "mama nilimwacha anapiga kelele kilabuni. Nimemkuta anatambaa na ukuta. Mnampa nini?"

"Tunampa dawa sahihi kwa umri na uzito wake," daktari alijibu, akitoa karatasi. "Kwa mtu wa miaka..." Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Hamsini na nane."

Mama mdogo alibandua ya zamani ukutani, akaiweka mezani kando ya hiyo mpya. "Mwezi uliopita mashine ilisema thelathini na nane, na gramu moja. Mwezi huu hamsini na nane, na robo tatu. Daktari, mimi nimesomea uuguzi tu. Mtu anazeekaje miaka ishirini kwa mwezi mmoja?"

"Haiwezekani. Mashine haikosei."

"Thelathini na nane?" Leonce alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nina arobaini na moja. Mama alinizaa akiwa wapi?"

Mtu mmoja barazani alianza kucheka, akaacha.

Daktari Sadallah alikaa. Alizitazama karatasi zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na uso wa mtu aliyeoa karibuni. "Mashine haijibadilishi," alisema. "Mtu aliingia akabadilisha. Wanaoigusa mashine ile ni watu wawili. Mmoja ni mimi."

Nilikuwa na majibu tayari. Umeme ulikatika. Panya walitafuna waya. Kitufe cha nne kinanata. Shule yangu ilikuwa imenipa mafunzo kamili katika eneo hilo, na kwa kawaida ulimi wangu hufika kabla yangu. Chupa niliyoshika iligongana na nyingine na wote wakageuka.

"Ni mimi," nikasema.

Mama mdogo alifumba macho.

Mama Valeria alikuwa akitazama midomo yetu, mmoja mmoja, kama mtu anayetazama mpira akiwa nje ya uzio. "Huyu mtoto anasema nini?"

"Anasema ni yeye," Leonce alimjibu karibu na sikio.

"Ni yeye nini?"

Hakuna aliyetaka kuisema kwa niaba yangu. Nikaweka chupa chini, nikasogea mpaka mbele ya kiti chake, nikapiga magoti, maana nikiwa nimesimama asingeniona mdomo.

"Ni mimi niliyekuandika umezaliwa arobaini na sita, mama."

"Paza sauti."

Nikapaza. Mvua, kwa ubaya wake, ikapungua. Nilisema kwamba dawa imemzidi kwa sababu ya mwaka ule niliouandika. Nilisema kwamba nilijua tangu Ijumaa, nikabadilisha Njoro kwa siri ili nisijulikane, na Jumamosi nilipomwona anayumba niliingia humu na kutoka bila kusema. Nilisema kwamba alichomwa tena nikiwa najua, kwa kuwa nilitaka barua ya daktari. Nilimwambia na ile ya dawa kuisha. Hata mosi Aprili za watu nilizisema, na nikamsikia Mzee Nikodemo akikohoa barazani.

Mama Valeria alisubiri nimalize. Aliweka mkono wake kichwani pangu, mzito, si kwa kunibariki wala kunipiga. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kujishikilia.

"Hilo la kwanza nalijua," alisema. "Tulicheka wote, na mimi ndiye niliyeliomba. Hilo la kwamba ulijua ukanyamaza, sikulisikia vizuri."

Akageuza kichwa taratibu, akaniletea sikio la kushoto, lile ambalo lilikuwa bado linajitahidi.

"Sema tena."

Nikasema tena.